Chemchemi Yenye Aibu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, katika kijiji chetu nyuma ya Yakobi, huko Njombe, kulikuwa na swali moja ambalo hatukuruhusiwa kulijibu. Mgeni akiuliza, "Haya maji mnachota wapi?" ulimwongezea kikombe kingine ukanyamaza, au ukasema yanatoka huko bondeni, basi. Na bonde lenyewe ni refu, limejaa vinyungu, zile bustani tunazolima kiangazi penye unyevu. Kusema huko bondeni ilikuwa sawa na kusema huko duniani.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Alinieleza sababu siku moja tukimenya viazi jikoni. Chemchemi yetu ina aibu, alisema. Inawajua watu wake. Ukimtajia mtu wa kuja mahali ilipo, au ukamwonyesha kwa kidole, itaona haya na itahama. Nikamuuliza itahamaje na haina miguu. Akanitazama kama anayetazama kiazi kilichooza.

"Wewe uliza tu," akasema. "Siku ikihama, utaibeba wewe?"

Sikuwa mtoto wa kutishwa hovyo. Nilikuwa mbishi, na mume wangu atawaambia kwamba bado. Lakini la chemchemi nililishika, kwa sababu nililiona likitokea.

Baba yangu mdogo wakati huo alikuwa kijana mchangamfu, mpenda watu kupita kiasi. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, akaja mtu wa mjini aliyekuwa akitafuta ardhi ya kupanda miti, wakakaa uani kwetu wakinywa tangu mchana. Mgeni akaomba na maji, akaletewa, akayasifu. Yalikuwa baridi, matamu, hajapata kunywa maji kama yale. Na sisi watu, tukisifiwa cha kwetu, tunajisahau. Baba mdogo akainuka na kunyoosha mkono mzima, sembuse kidole: pale, chini ya mianzi, nyuma ya lile jiwe kubwa.

Bibi alikuwa mlangoni. Hakugomba mbele ya mgeni, mtu mwenye adabu hafanyi hivyo. Mgeni alipokwisha kuondoka ndipo alipomsogelea mwanawe na kusema kwa sauti ya chini, "Umeivua nguo."

Yule mgeni alipata shamba juu kabisa ya mianzi ile, akapanda milingoti, yaani mikaratusi. Miti ikarefuka, chemchemi ikapungua. Kiangazi kimoja tukakuta tope, kingine tukakuta vumbi. Maji yakaja kutokea mbali kule chini, kwenye mteremko unaoteleza, na Bibi akawa anayafuata huko na magoti yake mabovu. Hakusema hata mara moja kwamba alionya. Kijiji ndicho kilichosema. Baba mdogo akawa ni yule aliyefukuza maji, kilabuni na hata nje ya kanisa baada ya ibada, na uchangamfu wake ukaisha kabisa. Mdomo ulimponza, walisema, na watoto tulifundishwa kwa mfano wake.

Siku hizi kila mtu Njombe anajua mlingoti unavyokunywa. Ukimwonyesha mtu maji, akachukua ardhi ya juu yake na kupanda milingoti, yatahama tu, yawe na aibu au yasiwe nayo. Kwa hiyo Bibi alikuwa sahihi, ila alifika kwa njia yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wanangu, nikijiona nina akili sana.

Mwaka jana baba mdogo akanipigia simu Makambako, nilikoolewa na ninakofanya biashara ya viazi. Sasa ni mzee, sauti yake ya kubembeleza. Kuna kampuni ya viwanja, akasema, inataka bonde lote, ijengwe nyumba za kisasa na barabara ndani yake. Kijiji hakitaki. Hayo maji ya chini ndiyo tuliyobaki nayo, yakifukiwa hatuna mengine. Mkutano uko karibu. "Njoo, mwanangu," akasema. "Wewe una mdomo."

Nikaenda. Nyumba kwa nyumba nilikopita, kila mmoja alikuwa amekataa, tena kwa uchungu. Nikaingia mkutanoni nikijua tumeshinda.

Na nisidanganye, afisa wa ardhi aliyekuja alikuwa mtu mstaarabu. Alisema sheria hairuhusu kujenga penye chanzo cha maji. Kama kuna chemchemi bondeni, waionyeshe leo, na bonde litaachwa. Moyo wangu uliruka. Mlango ulikuwa umefunguliwa, tena na mwenye nyumba.

"Ipo?" akauliza.

Watu wakaangalia chini. Nikasimama, nikasema ipo, twende nikakuonyeshe. Akaniuliza kwa upole kama mimi ni mkazi. Nikamwambia nimezaliwa hapa, nimeolewa Makambako. Akasema basi anaomba athibitishiwe na mkazi, hata mmoja tu, kwani hawezi kumfuata mtu wa nje wakati wenye kijiji wapo na wamenyamaza.

Niliwatazama wanawake ambao asubuhi ile ile nilipishana nao na ndoo kichwani. Walikuwa wametulia kama maji mtungini. Nikasema kwa Kibena, semeni jamani, leo ndiyo siku ya kusema. Mmoja akafunga kanga yake upya, akageukia upande wa pili. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilisubiri huo mshindo mpaka miguu ikaniuma.

Afisa akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale. "Mzee, mnachota wapi maji?"

Baba mdogo alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Huko bondeni," akasema.

"Bondeni sehemu gani, mzee?"

"Huko huko tu."

Afisa alingoja. Kweli alingoja, hilo namshukuru. Kisha akasema kwa kuwa hakuna chanzo kilichoonyeshwa, wataendelea. Siku chache baadaye nilimfuata ofisini mjini, akaniambia nilete mkazi, naye atarudi hata kesho. Nilirudi kijijini nikabembeleza, nikafoka, nikalia. Hakuna aliyekubali kupanda gari.

Nilimkasirikia baba mdogo kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyeniita. Nikamwambia hivyo, uso kwa uso, jambo ambalo si la heshima kwa mtu wa umri wake. Hakukasirika.

"Nilionyesha mara moja, ikahama," akasema. "Nikionyesha tena, itakwenda wapi?"

Ningemweleza habari za milingoti, na anazijua. Nilimpikia chai, tukakaa.

Vigingi vilipigwa, kisha likaja greda. Mwezi uliopita nilipita pale nikitoka kumwona baba mdogo. Nyumba ya kwanza imefika kwenye linta. Fundi mmoja, kijana mwenye lafudhi ya mbali, alikuwa anachota maji msingini kwa ndoo na kuyamwaga barabarani. Akanisalimia shikamoo, akasema kila asubuhi wanakuta pamejaa, wameshafukia kwa mawe na zege, yanarudi tu. Akaniona nimesimama muda mrefu, akadhani mimi ni mwenyeji.

"Mama, haya maji yanatoka wapi?"

Nilifungua mdomo wangu huo unaosifiwa. Alikuwa ameshaacha kuchota, ananisubiri.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Labda huko bondeni."