Mlango wa Mninga

Tulipoondoka kambini Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, tulikuwa na masanduku mawili na binti mmoja. Nyumba tuliyoiacha nyuma ilikuwa ya mgodi. Kazi ya mume wangu iliisha Jumamosi, na nyumba ikaisha Jumamosi hiyo hiyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, na kinu cha pamba Shinyanga kilikuwa kikitafuta watu. Alipopata kazi huko nilimwambia kwamba safari hii nyumba iwe yetu, hata kama imesimama kwa mguu mmoja, ila iwe karibu na shule.

Shule ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi. Siku zile cheti cha kuzaliwa kilikuwa mkono. Mtoto anaupitisha juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, anaandikwa darasa la kwanza. Vidole vya binti yetu vilikuwa vimeshalipita sikio na vinatafuta shingo. Kambini hapakuwa na nafasi, mwaka mmoja baada ya mwingine. Tukichelewa tena, mwalimu yeyote angemtazama na kusema huyu ni wa kuolewa, si wa kufundishwa a, e, i.

Mimi nilikuwa muuza dagaa. Muuza dagaa asiyehesabu mara mbili hupata hasara mara moja tu, maana mara ya pili hana cha kuuza. Kwa hiyo sikuwauliza watu shule ipi ni nzuri. Kila mtu atakusifia ile anayosoma mwanawe.

Kulikuwa na mitaa miwili iliyotufaa. Wa kwanza ulikuwa nyuma ya soko, una nyumba ya kupanga yenye kuta zilizonyooka na bati jipya, na shule yake ina bendera na maua. Wa pili ulikuwa upande wa barabara ya kwenda Samuye, mahali pa vumbi na ng'ombe. Nilichukua kipande cha gazeti nilichokuwa nikifungia dagaa. Kusoma nilikuwa sijui. Nikamsimamisha mtoto wa darasa la tatu anayetoka shule ya sokoni.

"Nisomee mwanangu, nijue nafungia nini."

Akasoma habari ya mbolea. Nikamngoja mwenzake, nikampa kipande kile kile. Yeye akasoma habari ya mashindano ya mpira, tena kwa sauti ya kujiamini. Nikakunja karatasi yangu, nikaenda upande wa pili. Kule mtoto wa kwanza alisoma kwa kukwamakwama kuhusu chanjo ya ng'ombe. Wa pili akakwama mahali pale pale, na ng'ombe wakachanjwa vile vile.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Tunahamia kwenye vumbi."

"Umeiona nyumba yenyewe?"

"Nimeiona shule. Nyumba tutaitengeneza. Shule nitaitengeneza na nini?"

Nyumba iliyokuwa ikiuzwa huko ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akihamia kwa mwanawe kule Mhunze. Ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa, na kila debe lilikuwa na kutu ya umri wake. Nilizigonga nguzo moja moja. Tatu zilijibu kama ngoma, maana yake ndani mwenye nyumba alikuwa mchwa. Ukuta wa nyuma niliusukuma kwa bega, ukasogea kidogo kwa adabu. Mama jirani aliyekuwa akianua samadi iliyokauka, kuni za huko, alinitazama akacheka.

"Taratibu, mayu, mama yangu. Usije ukainunua ikiwa imeshalala."

Kitu kizima kilikuwa kimoja: mlango. Ulikuwa wa mninga, mbao nene, una komeo la chuma. Miti kule ilikuwa imekatwa zamani kufukuza mbung'o, na mbao ziliingia mjini kwa lori kutoka mbali. Nyumba ilikuwa ukuta na paa. Mlango ulikuwa mali. Tulipokwisha patana bei, mzee akasema kwa upole kwamba Jumapili atakuja kuuchukua.

"Kuuchukua upi, mzee wangu?"

"Mlango. Mimi nimekuuzia nyumba, mwanangu. Mlango ni kama kitanda changu. Ninahama nao."

Ndivyo ilivyokuwa desturi, na sikuwa na haja ya kubishana na desturi. Nilibishana na lori.

"Shikamoo yako nimeshakupa, sasa nisikilize. Utingo atakutoza nauli yako. Halafu atautazama mlango, aseme huyu naye ni abiria, tena ni mnene."

"Nitaubeba juu ya mizigo."

"Na kwa mwanao hakuna mlango?"

Akajikuna kidevu. Nikajua upo. Nikaongeza kikapu cha dagaa, wale wakubwa, mzee akavuta pumzi kama mtu anayemwoza binti, akasema, "Haya. Lakini uupake mafuta kabla ya masika."

Tulihamia. Mume wangu alibadilisha nguzo, mimi nikakandika ukuta. Mlango niliupaka mafuta hata kabla ya kuangalia jikoni.

Siku ya kuandikisha, binti yangu alipitisha mkono kichwani, vidole vikashuka hadi kwenye kola ya gauni. Mwalimu akatabasamu kidogo.

"Huyu mwakani simwandiki, mama. Atakuwa mkubwa mno."

"Basi mwandike leo."

"Leo hana pa kukaa. Mkaguzi amekataza watoto kukaa chini, funza wamewala sana. Viti ndivyo vile." Akanionyesha viti vya udongo, watoto wamebanana. Nilivihesabu. Nikavihesabu tena. Mwalimu alikuwa mkweli.

"Nikileta kiti?"

"Ukileta benchi la watoto wanne, wa kwanza kukaa ni wako. Lakini ulifanyie mbao, mama. La udongo hatuna pa kulijenga. Tena ulete wiki hii."

Nilirudi nyumbani nikasimama nje, nikautazama mlango. Mume wangu aliporudi kutoka kinuni alinikuta bado nimesimama.

"Usiniambie," akasema.

"Sijasema kitu."

"Umeuhangaikia kuliko nyumba."

"Ndiyo maana najua unafaa."

Alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akakung'uta pamba. Halafu akaingia ndani kutafuta nyundo.

Tuliulaza mlango juu ya matofali kando ya ukuta wa darasa, watoto wanne wakakaa. Nyumbani tukaning'iniza mkeka. Mbuzi wa jirani wakawa wageni wetu wa kila siku, na masika ya kwanza tulilala tumeegemeza sanduku mlangoni.

Mzee alipita mwaka huo, amekuja kuuza mtama wake. Akautazama mkeka kwa muda.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Uko shuleni, mzee wangu. Darasa la kwanza."

"Na unaelewa?"

"Pole pole."

Alitaka kuuona, nikampeleka. Tulichungulia dirishani. Binti yangu alikuwa amekaa ncha ya benchi, upande wa komeo, anaandika. Mzee aliniuliza kwa kunong'ona kama niliupaka mafuta.

"Mara mbili," nikamwambia.