Gurudumu la Mbele Kulia

Mpaka leo nikisikia harufu ya grisi iliyoungua, mkono wangu hunyanyuka wenyewe kutafuta bega la mtu. Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya zamani pale Nyamagana. Kwinini, dawa ya malaria, ilikuwa imemuua sikio moja, na la pili likabaki la kubahatisha. Fundi kiziwi nani atampa gari? Basi akaficha, na masikio yake nikawa mimi, bintiye wa miaka tisa. Gari likitoka kwenda kujaribiwa barabarani nilikaa nyuma yake, miguu peku juu ya bati la sakafu, na nikisikia kasoro nilimgonga begani kwa siri: mara moja gurudumu la mbele kushoto, mara mbili la mbele kulia, tatu na nne yale ya nyuma. Wateja walidhani ni mtoto anadeka. Mama alichukia mchezo ule. "Mficha maradhi kilio humuumbua," alimwambia baba, naye akajifanya hakusikia, au labda kweli hakusikia.

Masika yale nilikosea. Niligonga mara tatu ndani ya gari la mfanyabiashara mmoja, baba akashinda mchana kutwa akifungua gurudumu la nyuma, kumbe ni kopo tupu lilikuwa linabiringika kwenye buti. Lo! Gereji nzima ilicheka. Baba hakucheka. "Ukinitia aibu tena utabaki nyumbani kuchambua dagaa na mama yako," alisema, nami, nawaambia kweli, nilipenda magari kuliko kula.

Wiki iliyofuata akaja Mwalimu Magesa, mstaafu, mtu wa Mara, na gari lake jeupe alilolinunua ujanani. Kesho yake alfajiri alikuwa anasafiri nalo kwenda kwao kumwoza binti yake, na alitaka bibi harusi afike kanisani ndani ya gari hilo hilo. Nilimwamkia shikamoo, akanijazia karanga mkononi, akaketi mbele karibu na baba. Tukashika njia ya Misungwi. Nyuma yetu wingu jeusi lilikuwa limeinamia ziwa, na upepo ulinuka mvua. Kila tulipokata kona ya kushoto, kitu kilikoroma kwenye gurudumu la mbele kulia, kama mtu anayesaga meno usingizini. Barabara ikinyooka, kimya. Nilikaza nyayo kwenye bati, mtikisiko ukanipanda hadi magotini. Beringi imekwisha, nilijua kabisa. Halafu nikakumbuka lile kopo. Nikaikalia mikono yangu.

Misungwi tulisimama. Desturi ya baba ilikuwa kugusa kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja, maana beringi mbovu huchemka. Lakini mvua ilikuwa imetukuta njiani, na maji ya madimbwi yalikuwa yamepoza kila kitu. Akagusa moja baada ya jingine. Mimi, niliyeshukia upande wa kulia, nilinusa grisi iliyoungua. Tuliporudi ndani, baba alinitazama kwenye kioo muda mrefu, nami nikatafuna karanga.

"Vipi, fundi?" Mwalimu aliuliza.

"Halina neno," baba akajibu.

Gurudumu lilichomoka asubuhi iliyofuata, kabla Mwalimu hajafika Magu. Mwalimu Magesa alizikwa siku ile ile aliyopanga kumwoza mwanawe. Baba alifunga gereji, na nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa naendesha gari linalowasha taa nyekundu hata mlango ukifungwa vibaya, na wanangu hawaamini kwamba zamani watu waliliuliza gari hali yake kwa nyayo zao. Baba hasikii kitu tena. Juzi nilipiga magoti mbele yake nikasema yote, kona, harufu, karanga, nikilia kwa sauti, kwa kuwa nilijua hayatamfikia. Yeye alikuwa akiitazama midomo yangu. Nilipomaliza alininyooshea mkono, akanigonga begani mara mbili.

"Nilishalisikia kwenye usukani, mwanangu," alisema kwa sauti ile kubwa ya viziwi. "Nilikuwa nakungoja wewe."