Gari Huonwa Asubuhi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, jua likizama nyuma ya mtaa wa Kamalondo, nilipoliona gari lile kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kijana, fundi cherehani mwenye wateja wachache na ndoto nyingi. Lilikuwa jipu jeusi la kifahari, okazyo, yaani la mtumba, kutoka Ulaya, limesimama juu kwa maringo. Mwenyewe alipolikanyagia mafuta, ngurumo yake niliisikia kifuani. Tangu hapo, kila nilipokanyaga pedali ya cherehani, nilikuwa njiani kwenda Kipushi, madirisha wazi, barabara yote yangu. Suruali za watu nilizishona kombo.

Lilikuwa likiuzwa, na ili kulinunua ingenibidi niuze kiwanja cha Annexe, pembeni mwa mji, alichoniachia mama, alikolima mahindi shangazi yangu, Tantine Véro. Nikaenda kumwambia, nikalisifu gari mpaka mate yakanikauka. Yeye aliendelea kupukuchua mahindi.

"Uliiona saa gani?"

"Mangaribi, Tantine."

"Basi haukuiona. Uliona bibi arusi na mafuta kwa uso. Tutaenda asubui, bila kubaambia."

Nilikasirika, sikufichi. Katika ukoo wetu, kabla ya posa, shangazi hujifanya anapita tu kwa wazazi wa msichana alfajiri, amkute na ufagio mkononi. Lakini gari? Tantine hakujua hata breki iko wapi!

Tulifika ukungu ukiwa bado chini. Mwenye gari alifungua lango na kitenge kiunoni, macho mekundu ya usingizi. Gari lilikuwa limelala. Magari yale, mwanangu, mengine hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi. Ikivuja, gari hushuka likiwa limeegeshwa. Upande mmoja ulikaribia kugusa ardhi, kama ng'ombe aliyeshindwa kuamka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Tantine akainama, akaona chini ya injini kadibodi iliyoloa oili. Akaomba liwashwe. Moshi wa buluu ukajaa uani, injini ikagongagonga, kisha polepole gari likajiinua, likawa lilelile la jioni. Nililipenda bado, na hilo ndilo lililoniuma.

"Papa, juu ya nini haukutuambia?" Tantine aliuliza kwa upole.

Yule mtu akatazama chini. "Tantine, hata miye niliiona mangaribi. Nyumba ya baba njo niliuzisha."

Alikuwa ameuza urithi wa baba yake kwa ajili ya gari lile. Tulirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikijiona katika kitenge kile; kiwanja sikukiuza.

Basi, mwanangu, sikukatazi gari zuri. Kizuri hakikosi ila. Lione likiwa baridi, kabla halijaoshwa. Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Uliza kwa nini mwenyewe analiacha, na vipuri vyake vitatoka wapi, maana gari lenye nguvu nyingi hula kuliko familia. Usiuze udongo kwa ajili ya ngurumo. Na kama limekwisha kukulalia wewe, usimwite mwenzako jioni aje kuliona.

Mungu akufungulie barabara, akulinde na vumbi lake, na popote utakapofika, usishuke garini ukiwa na aibu.