Uso Asiopaswa Kuutazama

Mume wangu Elkanah aliandika namba kwenye trela za miwa, na miaka ile biashara ya sukari ilipopamba moto, trela hazikuisha. Kazi ilimtosha. Lakini alipofundishwa kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta na fundi mmoja wa Kakamega mjini, utulivu ulimtoka. Rangi hizo hukauka kwa siku nyingi, naye hakuweza kungoja hata saa moja. Aliinuka katikati ya chakula, akagusa shavu la picha kwa kidole, akaliharibu, akaanza tena.

Nikamwomba amchore mama yangu. Ujinga wangu! Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Miaka kumi na miwili Elkanah alimsalimu mama akiangalia miguu yake. Basi akachora uso wangu, akauzeesha.

"Huyo si mama," nikamwambia. "Ni mimi nikiwa mgonjwa."

Akaukwangua. Mara nne alichora, mara nne akakwangua, na nyumba nzima ikanuka tapentaini ya kuyeyushia rangi.

Mara ya tano hakuniuliza kitu. Picha ilipokauka, alikuwa mama mwenyewe, hadi midomo iliyobanwa kuzuia kilio.

Tukamwita aione. Elkanah alisimama nje ya mlango, ametupa mgongo. Mama aliitazama picha mpaka nikaogopa, kisha akavuta leso akajifunika uso.

"Mkwe," akaita, "kumbe siku tulipomzika mzee wangu, ulinitazama."