Gunia Ndani ya Kinu

Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ninayopika siku hizi katika chumba changu cha kupanga hapa Kasenga inanifikia ikiwa imeshasagwa. Naichukua kwa kijana mwenye mashine karibu na soko, naitia katika sufuria ya presha, na kabla sijamaliza kujibu ujumbe wa rafiki zangu, imeiva. Wale niliosoma nao chuo kikuu wanasifu sana jambo hili, kuokoa muda. Nami huwauliza: huo muda mliouokoa mmeupeleka wapi? Wanacheka tu. Mama yangu angekuwa na jibu.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, Jumamosi nzima nyumbani kwetu ilikuwa ya sombe. Asubuhi tulichambua majani ya muhogo na kuyababua kwa maji ya moto. Mchana Mama aliyatwanga mpaka mkono wake wa kulia ukatetemeka. Kisha sufuria ilikaa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, hadi jua likapotea nyuma ya milima na ziwa likawa la kijivu.

Tatizo ni kwamba saa ya kutwanga ndiyo ilikuwa saa ya mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa na sauti ambayo hata waliokuwa wakipita njiani walisimama kuisikiliza. Mwaka ule kiongozi wa kwaya alimpa ubeti wa kuimba peke yake siku ya Pasaka, akamwonya mbele ya wenzake kwamba atakayekosa mazoezi ya Jumamosi, Pasaka atakaa kwenye mabenchi na watu wengine.

Mashine ilikuwepo tayari mtaani. Kwetu ilikatazwa, ingawa hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeikataza kwanza. Koko, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, alikuwa akisema sombe ya mashine inanuka mafuta ya mtambo na ni chakula cha waseja. Baba aliyarudia maneno hayo kama yalivyo. Yeye alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Koko alishinda barazani mbele ya nyumba. Wote wawili walisikia kila pigo la kinu. Niliwahi kuuliza kama kuna yeyote kati yao aliyekwisha kuionja hiyo sombe ya mashine. Niliambiwa nina mdomo mrefu.

Mama hakubishana na mtu. Jumamosi moja alirudi kutoka sokoni na sombe iliyosagwa, ameifunika kwa kitambaa. Akaiweka motoni, akanipa mchi, akaniambia nitwange. Nikauliza nitwange nini.

"Twanga tu," alisema huku akifunga kitenge chake. "Baba yako akisikia kinu, atajua miye niko hapa."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda mazoezini.

Kinu kitupu kinalia kama mlango unaogongwa. Nilijaribu maganda ya ndizi, yakateleza. Nikajaribu majani makavu, yakawa vumbi. Mwishowe nililowesha kipande cha gunia kuukuu, nikakikunja ndani, na sauti ikatoka nzito, yenye unyevu, ile ile ya majani ya muhogo. Jioni Baba alikula, akalamba vidole, akasema hakuna kama sombe ya kinu. Mama alimega bugali bila kuinua macho.

Tuliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi ile ya mwisho kabla ya Pasaka. Siku hiyo nilichoka, nikauegemea mchi kidogo. Upande wa pili wa ukuta randa ya Baba nayo ikanyamaza.

"Mama watoto?" aliita.

Akiingia tu, Pasaka ya Mama imekwisha. Ndipo nikasikia fimbo ya Koko ikizunguka nyumba, na sauti yake ikajibu kabla yangu:

"Wacha mwanamuke apumzishe mukono. Weye fanya mbao zako."

Randa ikaanza tena. Koko aliingia jikoni, akainama, akaangalia ndani ya kinu.

"Gunia hii," aliuliza polepole, "tutaikula na samaki gani, ndagala ao mikeke?"

Alivuta kiti kidogo, akakaa, akaniambia nitwange aone. Nikatwanga. Akatikisa kichwa. Alisema natwanga kama mtu anayeua nyoka, na kwamba mtoto wake pale karakanani si kiziwi.

"Mama yako anatwangaka tatu, halafu anageuza na mukono. Tatu, unageuza. Ni vile."

Nikajifunza. Tatu, nageuza gunia. Tatu, nageuza gunia. Ilipokaa sawa, nilishindwa kujizuia, nikamkumbusha kwa kunong'ona kwamba ni yeye aliyesema sombe ya mashine ni ya waseja.

"Nilisema ile wakati nilikuwa na meno," alijibu. Akafunua sufuria, akachota kidogo kwa mwiko, akaitafuna kwa ufizi, akafumba macho.

Sijui kama alimwambia Mama. Mimi sikumwambia, na hadi leo sijamwuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Koko hayupo tena. Baba sasa ndiye anayetuma watu kwenye mashine, na kinu kimegeuzwa kiti cha kuku.

Lakini Pasaka ile Mama alisimama mstari wa mbele wa kwaya. Ulipofika ubeti wake, kanisa likatulia, na sauti yake ikapanda bila kutetemeka. Koko alikuwa pembeni yangu. Sikumwona akilia wala kutabasamu. Nilisikia tu fimbo yake ikigonga sakafu, taratibu, mara tatu, kisha kimya kidogo, kisha mara tatu tena.