Siku Muganga Alipotangaza Treni

Wakati wa vita nililetwa hospitalini hapa Kindu nikiwa na kipande cha chuma pajani. Majeruhi walijaa kwenye mikeka hadi uani. Mimi, mwalimu wa madrasa niliyefundisha watu subira miaka mingi, nilipiga kelele kuliko wote. Muuguzi aliyekuwa akichagua nani atangulie, au muganga kama tunavyowaita hapa, binti mwembamba, alinipita mara tatu.

"Mama muganga, nakufa!"

"Mwalimu, mwenye kufa hana sauti kama hiyo. Ngoja."

Akaenda kuwainamia walionyamaza.

Alikuwa na haki. Nilipona, nikamshukuru Mungu, kisha nikafanya kosa: nikaisimulia busara yake msikitini, sokoni na bandarini. Kindu nzima ikajua kwamba hospitalini anayenyamaza ndiye anayetangulia.

Mwaka huu nilimpeleka mke wangu huko kwa pikipiki, homa ikiwa siku ya tatu. Ukumbi wa dharura ulijaa hadi mlangoni, nao ulikuwa kimya kuliko msikiti wangu wakati wa hotuba. Bwana mmoja alikuja analilia jino; alipofika kizingitini akafuta machozi, akajilaza sakafuni kama maiti. Mama mmoja akamfinya mwanawe: "Nyamaza, watatupita!" Mke wangu naye alikuwa kimya, lakini katikati ya kimya kile cha kuigiza, nani angejua kwamba chake ni cha kweli? Nilitaka kupaza sauti, nikaogopa kumharibia zamu.

Muuguzi alikuwa yule yule, sasa mwenye mvi. Alisimama katikati, akawatazama maiti wake wote, akapiga makofi.

"Treni imeingia! Iko kituoni!"

Treni yetu hupotea kwa miezi, na ikifika ni kama mwezi wa Idi umeandama. Vichwa vyote viliinuka. Mwenye jino alikuwa tayari mlangoni akiuliza imeleta nini. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikimbilia dirishani.

Mke wangu hakufumbua jicho. Na ndiye aliyekuwa akiingoja treni hiyo kuliko sisi sote, kwa sababu dada yake wa Kibombo alikuwa ameahidi kumletea mchele.

"Njo huyu, huyu ndiye mgonjwa," muuguzi akasema, akiushika mkono wake. "Mumuingize haraka. Na wewe, Mwalimu, toka dirishani. Treni haiko."

Wakamlaza chumba cha ndani, wakamtundikia chupa ya serumu. Siku tatu nilikaa kando yake nikiomba, safari hii bila kelele.

Siku ya nne honi ililia kweli upande wa kituo. Nikachungulia mlangoni: kule ukumbini hakuna aliyetikisika.

"Muganga anatujaribu tena," alinong'ona mwenye jino, ambaye bado alikuwa akingoja zamu yake, macho kayafumba.

Mke wangu peke yake aliinuka, akaketi kitandani.

"Mzee, unakaa hapa kufanya nini? Enda! Mchele wangu!"

Nikaenda, nikimshukuru Mungu njia nzima.