Tsveta Aliporuhusu Tovuti Zote

Usiku ule binti yangu Tsveta aliketi jikoni, simu mbele yake, akingoja kuambiwa mtoto wa Zornitsa yuko wapi. Mimi nilijifanya nachagua maharagwe. Maharagwe yenyewe nilikwisha kuyachagua mchana.

"Mama, nenda kalale."

"Nilale vipi na wewe umekaa kama jiwe?"

"Basi usinitazame. Umenikodolea macho kama askari wa mpakani."

Sikuacha kumtazama. Ana miaka thelathini na mitatu, na tangu mdogo ndiye anayepanda tena ghorofa nne kuhakikisha jiko limezimwa. Anatengeneza tovuti katika kampuni ndogo hapa Plovdiv, na siku nyingi kazi huifanyia kwenye meza hii hii, kati ya mkate na mtungi wa pilipili za kuchoma. Mimi niliishia darasa la nane, kisha kiwanda cha makopo, lakini alinieleza mpaka nikaelewa.

Kwenye kivinjari, ile programu anayofungulia tovuti, amebandika kijiprogramu cha kutafuta makosa. Ukurasa ukifunguliwa, chenyewe kinaandika kila kinachopita humo, hata maneno unayochapa.

"Kama jirani Penka," nilimwambia siku hiyo, "na sikio lake ukutani."

Akacheka. "Ila Penka huyu ana mipaka, mama. Namwandikia orodha: sikiliza tovuti hii na hii, kwingine ziba masikio."

Shida ni kwamba tovuti za majaribio hubadilisha anwani kila zinapojengwa upya, na kila mara lazima uongeze anwani mpya kwenye orodha. Machi kazi ilipowalemea, Tsveta alichoka, akabonyeza "tovuti zote". Alisema Ijumaa atairudisha orodha yake. Zikapita Ijumaa tatu.

Zornitsa ni rafiki yake tangu shule. Mumewe, Kamen, anafanya kazi kampuni ileile ya Tsveta. Ndoa ilikuwa imekwisha, ila Kamen hakuwa ameambiwa. Kwa kuwa huipekua simu ya mkewe, Jumanne Zornitsa alikuja kwetu, na kwenye kompyuta ya Tsveta wakamwandikia mwanasheria: ataondoka na Borko, mtoto wao wa miaka minne, aende kwa dada yake mjini Burgas, na siku gani. Mimi niliwakaangia mekitsi, maandazi yetu bapa, wakala na jamu, wakacheka kidogo.

Saa moja baadaye Tsveta aliripoti kazini kitufe kilichogoma. Ripoti hubeba kila kilichoandikwa na kijiprogramu, safari hii hata ile barua ya mwanasheria, na huwafikia watu kumi na mmoja. Tsveta hakuyasoma yale maandishi madogo, nani huyasoma? Kamen aliyasoma, maana kitufe kilikuwa chake kukitengeneza.

Jumatano hakusema neno. Alhamisi alimchukua Borko chekechea mapema, akaondoka naye.

Alfajiri simu ikatetemeka. Zornitsa aliandika kwamba Borko yuko Smolyan kwa bibi yake, mzima. Kamen harudishi mtoto mpaka korti iamue, na ile barua anayo mkononi, atawaonyesha mahakimu jinsi mkewe alivyopanga kumtorosha mtoto.

Tsveta alifungua kompyuta, akafuta "zote", akaandika anwani moja tu. Nilitaka kumuuliza sasa yafaa nini. Badala yake tukavaa makoti.

"Zori, ni mimi," alisema mlangoni kwa rafiki yake. "Niko na mama."

Sauti ya Zornitsa ikaja, karibu kabisa na ubao wa mlango: "Shangazi, nenda nyumbani. Miguu yako hiyo na ngazi zetu."

"Achana na miguu yangu. Tufungulie, binti. Hujala tangu jana."

"Sikukusudia, Zori. Nilisahau tu ku—"

"Najua ulichosahau. Kamen kanieleza vizuri sana, hata kafurahi kunifundisha. Ulichoka kuandika anwani." Akavuta pumzi. "Mimi nimechoka miaka sita, nisimwambie mtu, hata dada yangu. Nikakwambia wewe."

Tsveta aliweka paji la uso mlangoni. Nilimshika kiwiko, akautoa mkono wangu polepole.

Ufunguo ukalia ndani ya kitasa. Tsveta akanyanyua uso, akapangusa macho haraka, akasogea nyuma kuupisha mlango.

Zornitsa alikuwa akiuzungusha ufunguo mara ya pili, kufunga.